Kuitoa Hasi Nje ya Mabano Bila Kuipoteza Njiani

Makosa mengi ya aljebra si ya aljebra. Mwanafunzi kaelewa swali, kachagua njia sahihi, kaandika kwa mwandiko wa kupendeza, halafu kwenye mstari wa tatu kijistari kimoja kimedondoka, na kuanzia hapo kila kinachofuata ni kosa lililokokotolewa kwa uangalifu mkubwa. Kijistari hicho ni alama ya hasi, na mara nyingi hudondokea palepale mabano yanapofunguliwa au kufungwa.

Vidokezo hivi ni vya mwanafunzi wa sekondari, na ni vya mzazi pia, yule anayeitwa mezani saa mbili usiku na kuulizwa, "Hapa mbona imekuwa kujumlisha?" Nchini Tanzania watoto wengi humaliza darasa la saba wakijua mabano na hasi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza mambo yaleyale yanawajia kwa Kiingereza. Ukimweleza mwanao tena kwa lugha aliyoanza nayo, hujamrudisha nyuma. Soma kwa mpangilio wowote upendao, ila cha kwanza usikiruke.

1. Hasi iliyo mbele ya mabano ni −1

Ukiona −(x − 5), soma hivi: −1 × (x − 5). Kila kipande kilichomo ndani kinazidishwa kwa −1, kwa hiyo x inakuwa −x na −5 inakuwa +5. Jibu ni −x + 5. Kurudi kinyumenyume ni kazi ileile: una −x + 5, unagawanya kila kipande kwa −1, unapata x − 5, na ile −1 unaiweka nje: −(x − 5).

Kipande ni namba au herufi pamoja na alama iliyo mbele yake. Alama ni mali ya kipande kinachoifuata. Kipande kikihama, kinahama nayo.

Walimu wengi hufupisha yote hayo kwa kusema, "Ukitoa hasi nje, badilisha alama zote za ndani." Ni kweli, na ni rahisi kukariri. Tatizo ni kwamba kanuni iliyokaririwa bila sababu yake hutumika hata pasipostahili. Mpe mwanafunzi −(2 × 5). Atabadilisha "alama zote", aandike (−2) × (−5), apate 10. Lakini ndani ya mabano hayo kuna kipande kimoja tu, kwa kuwa hakuna kujumlisha wala kutoa. Ni 10 moja, na hasi yake ni −10. Aliyesoma −1 × 10 hapati shida hiyo kabisa.

2. Sokoni umeshaifanya mara nyingi

Tuseme una shilingi 10,000. Unanunua sukari ya 3,500, vitunguu vya 1,200 na sabuni ya 800. Unaweza kutoa moja moja, lakini karibu kila mtu hujumlisha matumizi kwanza na kutoa mara moja:

10,000 − 3,500 − 1,200 − 800 = 10,000 − (3,500 + 1,200 + 800) = 10,000 − 5,500 = 4,500

Hasi tatu zimekuwa moja, imekaa nje ya mabano, na ndani zimebaki namba za kujumlisha tu. Huko ndiko kuitoa hasi nje.

Sasa muuza vitunguu akakupunguzia 300. Kwenye orodha ya matumizi punguzo linaandikwa kwa kutoa: 10,000 − (3,500 + 1,200 − 300 + 800). Ndani ya mabano mna 5,200, chenji yako ni 4,800. Ile −300 ya ndani imekuwa +300 mfukoni mwako. Mtu akikuuliza kwa nini hasi ya hasi ni chanya, mpeleke hapo kabla hujampeleka kwenye kanuni. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, mwaka 628 aliziandika kanuni za namba hasi kwa lugha hiyohiyo ya mali na madeni: kwake deni likitolewa kwenye sifuri huwa mali.

Tahadhari moja. Wimbo wa "hasi kwa hasi ni chanya" unahusu kuzidisha na kugawanya. Wapo wanaouimba hata kwenye −3 − 4 wakapata 7. Deni la 3 na deni la 4 ni deni la 7: −3 − 4 = −(3 + 4) = −7.

3. MAGAZIJUTO isomwe kwa akili

Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hakuna aliyepita shule ya msingi Tanzania asiyeijua. Sasa kokotoa 20 − 8 + 5.

Anayeifuata neno kwa neno anasema kujumlisha kwanza: 8 + 5 ni 13, halafu 20 − 13 ni 7. Jibu sahihi ni 17. Amekosea wapi, na ametii amri? Bila kujua, ameingiza mabano ambayo hayakuwepo: 20 − (8 + 5). Kwa kufanya hivyo ameitoa hasi nje, lakini ya ndani hakuibadilisha alama. Kama anataka mabano, yaandikwe 20 − (8 − 5), yaani 20 − 3, ndiyo 17 hiyo.

Unaweza kuitii MAGAZIJUTO bila kuumia, mradi kila namba ishike alama yake. Vipande ni +20, −8 na +5. Jumlisha vya chanya kwanza, 25, kisha toa 8. Imetoka 17 tena. Na ajabu ni kwamba herufi za katikati hazina mtego huu: kugawanya kabla ya kuzidisha hakumdhuru mtu, jibu ni lilelile. Shida yote iko kwenye JUTO.

4. a − b na b − a ni kitu kimoja kilichogeuzwa

Hiki ndicho kidokezo chenye faida kubwa kuliko vyote, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

a − b = −(b − a)

Kwa namba tupu, 38 − 65 inasumbua kichwani. Geuza: −(65 − 38) = −27. Unatoa ndogo kwenye kubwa kama ulivyozoea, kisha unaweka hasi mbele.

Kwenye aljebra, utamu wake unaonekana unaporahisisha sehemu. Chukua hii:

(x² − 9) / (3 − x)

Juu tunapata (x − 3)(x + 3). Chini kuna 3 − x, ambayo inafanana na x − 3 lakini siyo yenyewe. Hapa wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huona haviko sawa, wakaacha swali lilivyo. La pili huona vinafanana, wakavikata vyote viwili na kuandika x + 3. Wote wamekosa kwa kijistari kimoja. Geuza asili, yaani ile ya chini: 3 − x = −(x − 3). Sasa (x − 3) ya juu na ya chini zinakatana kihalali, na hasi inabaki:

−(x + 3), au −x − 3

Mradi x isiwe 3, kwa sababu hapo asili ingekuwa sifuri. Hakiki kwa x = 5: juu ni 16, chini ni −2, jibu −8. Na −(5 + 3) ni −8.

Ukitaka kukikumbuka kidokezo hiki kwa ufupi: kitu ukikigawanya kwa chenyewe kilichogeuzwa, unapata −1. (x − 3) / (3 − x) ni −1, (7 − y) / (y − 7) ni −1. Ila usije ukakipeleka kwenye kujumlisha. x + 3 na 3 + x ni kitu kilekile, hakuna hasi yoyote ya kutafuta hapo, na bado kuna watu huiweka kwa mazoea.

5. Mstari wa sehemu ni mabano yasiyoonekana

Angalia swali hili:

x/3 − (x − 2)/3

Vitabu vingi huandika sehemu kwa mstari wa kulala bila mabano yoyote juu, na hapo ndipo x − x − 2 inapozaliwa, na jibu likawa −2/3. Mstari ule wa kulala unafunga kila kilicho juu yake kama mabano. Kwa hiyo ni x − (x − 2), yaani x − x + 2, na jibu ni 2/3. Ushauri wangu ni wa kizamani: unapoziunganisha sehemu, yaandike mabano hata kama kitabu hakikuyaandika. Wino ni bei rahisi.

Na hasi ya sehemu inaweza kukaa mbele, juu kwenye kiasi, au chini kwenye asili, thamani haibadiliki. −(x − 2)/5, (2 − x)/5 na (x − 2)/(−5) ni namba moja. Chagua mahali pamoja tu. Kuiacha chini kunaonekana vibaya, na wasahihishaji hawapendi.

6. Vipande vinne? Kichunguze cha tatu

xy − 4x − 3y + 12

Unavipanga viwili viwili. Kwenye viwili vya kwanza toa x: x(y − 4). Kwenye viwili vya mwisho, kipande cha tatu kinaanza na hasi, kwa hiyo toa −3, usitoe 3. −3y gawanya kwa −3 ni y. +12 gawanya kwa −3 ni −4. Unapata −3(y − 4), mabano yamelingana, na jibu ni (x − 3)(y − 4).

Aliyetoa 3 angepata 3(−y + 4) na kukwama. Aliyetoa −3 bila kubadilisha alama ya 12 angepata −3(y + 4) na kukwama pia. Mabano yakikataa kulingana, kabla ya kulaumu swali rudi kwenye alama ya kipande cha nne.

7. Mraba unaimeza hasi, lakini mpaka uifikie

(a − b)² na (b − a)² ni sawasawa. Ukiitoa hasi kwenye mojawapo unapata (−1)², ambayo ni 1. Kwa kipeo cha tatu hasi inapona: (a − b)³ = −(b − a)³. Kipeo shufwa kinaifuta, kipeo witiri kinaiacha.

Ila −3² siyo (−3)². Ya kwanza ni −9, kwa kuwa kipeo kimeikamata 3 peke yake na hasi imebaki nje. Ya pili ni 9. Kikokotoo cha kisayansi kinalijua hilo. Lakini fungua Excel, andika =-3^2, nayo itakujibu 9, maana programu hiyo huiunganisha hasi na namba kabla ya kugusa kipeo. Andika =0-3^2 uone: −9. Mashine haijakosea, imepangiwa utaratibu tofauti na wa daftari lako. Anayefanya hesabu za ofisi kwenye Excel aweke mabano kila mara.

8. Mtajo hauna upande wa pili

Hapa pana tofauti ambayo vitabu huipita haraka. Ukipewa mlinganyo −x² + 5x − 6 = 0, una ruhusa kuzidisha pande zote mbili kwa −1, ukabaki na x² − 5x + 6 = 0. Hasi imekwenda moja kwa moja, na hakuna dhambi, kwa sababu sifuri ukiizidisha kwa −1 ni sifuri. Majibu ni 2 na 3.

Ukipewa mtajo peke yake, −x² + 5x − 6, bila alama ya sawasawa, huna upande wa pili wa kuuzidisha. Hasi inatoka nje ya mabano lakini haiondoki kwenye ukurasa:

−(x² − 5x + 6) = −(x − 2)(x − 3)

Kama hutaki iwe mbele, igawie mabano mamoja tu: (2 − x)(x − 3) ni sahihi, na (x − 2)(3 − x) ni sahihi. Ukiyagawia yote mawili, (2 − x)(3 − x), umetumia hasi mbili ilhali unayo moja. Weka x = 0: mtajo unatoa −6, wewe umepata 6.

Kwenye alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" tofauti hiyo inauma zaidi. Kutoka −2x + 6 < 0 kwenda −2(x − 3) < 0 hujageuza alama, kwa kuwa umepanga upande mmoja upya tu. Ukishagawanya pande zote kwa −2 ndipo inageuka: x − 3 > 0, yaani x > 3. Wanaogeuza mapema hujikuta wamegeuza mara mbili.

9. Banda la kuku na mraba wake

Una wavu wa mita 20 na unataka banda la pembe nne mstatili lenye eneo kubwa iwezekanavyo. Upande mmoja ukiwa x, wa pili ni 10 − x, na eneo ni x(10 − x), yaani 10x − x². Hasi iko kwenye x², na hutaweza kukamilisha mraba mpaka uitoe:

10x − x² = −(x² − 10x)

Ndani ongeza 25 na utoe 25, ili x² − 10x + 25 iwe (x − 5)²:

−[(x − 5)² − 25] = 25 − (x − 5)²

Mahali pa kuangalia ni ile −25. Ilikuwa ndani ya mabano yenye hasi, kwa hiyo ikitoka inatoka +25. Wengi huitoa kama ilivyo, na banda linakuwa na eneo lisilowahi kufika hata sifuri. Ukiipata vizuri, jibu linajieleza: (x − 5)² haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo eneo haliwezi kuzidi mita za mraba 25, na unalifikia x ikiwa 5. Banda la mita 5 kwa 5.

10. Wakati mwingine iache

6 − x haina haja ya kuwa −(x − 6) kama hakuna kitu kingine inachosubiri kukatana nacho. Kuitoa hasi nje ni hatua, na kila hatua ni nafasi ya kukosea. Ukiwa huoni itakusaidia nini, endelea na safari.

11. Hakiki kwa namba, ila si 0 wala 1

Sekunde kumi zinatosha. Umeandika −2x² + 8x = −2x(x + 4). Weka x = 3. Kushoto: −18 + 24 = 6. Kulia: −6 × 7 = −42. Kuna kitu. Rekebisha iwe −2x(x − 4): −6 × (−1) = 6. Sawa.

Sifuri ingekudanganya hapa, kwani pande zote zingekuwa 0 hata kwa jibu baya. Moja nayo huficha makosa ya vipeo: −x² + 3x na −x(x² − 3) zote hutoa 2 ukiweka 1, wala hazifanani, weka 2, ya kwanza inatoa 2 na ya pili −2. Tumia 2, 3 au 5.

Jaribu haya matatu kabla ya kutazama chini:

(a) Toa hasi nje: −7x + 3y − 1
(b) Rahisisha: (25 − x²) / (x − 5)
(c) Rahisisha: 2x − [3 − (x − 4)]

Majibu: (a) −(7x − 3y + 1). (b) −(x + 5), x isiwe 5. (c) 3x − 7. Ukipata 3x + 1 kwenye hili la mwisho, itafute ile 4: ilikuwa na hasi mbili nje yake, na wewe umeihesabu moja.